Uvuli, Kivuli na Mashine Inayofunzwa: Tatizo la Kuchora Sura ya Miji Katika Ramani

1.0 Utangulizi

Karatasi ya ramani ni bapa, ilhali nchi inayochorwa juu yake si bapa. Wachoraji wa ramani wamelikabili tatizo hili kwa njia kadhaa, na tatu kati yake ndizo zilizodumu. Ya kwanza ni kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Ya pili ni vistari vifupi vinavyofuata mteremko, ambavyo Johann Georg Lehmann aliviwekea kanuni mwaka 1799. Ya tatu ni upakaji wa weusi na weupe unaoifanya nchi ionekane kana kwamba imemulikwa na taa kutoka upande mmoja. Njia hii ya tatu haimpi msomaji vipimo kama zifanyavyo kontua, lakini humwezesha kuuona mlima kwa mtupo mmoja wa jicho, hata kama hajawahi kufundishwa kusoma ramani.

Makala haya yanaeleza jinsi kompyuta zilivyofunzwa kuiga kazi hiyo ya mkono, kisha yanajadili kinachotokea pale mashine iliyofunzwa kwa milima inapopewa mji. Mfano utakaotumiwa ni Bern, nchini Uswisi. Vipimo vya mji huo vinapatikana kwa yeyote anayevitaka, na umbile lake linakusanya mahali pamoja karibu matatizo yote yanayohusika. Mwishoni mjadala utaigusa Dar es Salaam, kwani nako maswali yaleyale yanajitokeza, ingawa kwa sura nyingine.

2.0 Suala la Istilahi

Ni vigumu kulijadili jambo hili kwa Kiswahili bila kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo katika mazungumzo ya kila siku huitwa kwa jina moja. Chukua nyumba wakati wa alasiri. Ukuta uliolipa jua kisogo una giza, kwa kuwa mwanga hauufikii moja kwa moja. Ardhi iliyo nyuma ya nyumba hiyo nayo ina giza, lakini kwa sababu tofauti: yenyewe imelielekea jua, ila nyumba imeukinga mwanga. Giza la kwanza linatokana na mwelekeo wa uso wenyewe. La pili limeangushwa na kitu kingine. Kijerumani, lugha ambayo wanaramani wa Uswisi waliiandikia vitabu vyao, kina neno kwa kila moja. Kiswahili cha kawaida husema "kivuli" kwa yote mawili.

Hata hivyo lugha haikukosa nyenzo. Mbali na "kivuli" kuna "uvuli", neno ambalo kamusi hulitaja na watu hulitumia kwa hali ya kuwa mbali na mwanga zaidi kuliko kwa umbo linalomfuata mtu ardhini. Inafaa basi "uvuli" litengwe kwa giza la uso usioelekea mwanga, na "kivuli" libaki kwa giza linaloangushwa. Kwa mpangilio huo, ramani inayozungumziwa hapa ni ramani ya uvuli. Vivuli havimo ndani yake, na havimo kwa makusudi, kwa sababu kivuli cha kilele kimoja kingeficha bonde zima la jirani. Tofauti hii si ya wanaisimu pekee. Itaonekana hapo mbele kwamba tatizo la mji linaanzia papo hapo.

Istilahi ya pili inayodai uangalifu ni "ujifunzaji wa mashine", tawi la kile ambacho wengine hukiita akili unde na wengine akili mnemba. Kiambishi kirejeshi -ji- katika "kujifunza" humpa mtenda hiari na shauku ambayo mashine haina. Mwanafunzi anayejifunza anaweza kuuliza kwa nini. Mashine haiulizi; hupewa mifano na kusahihishwa mpaka makosa yake yapungue. Ingekuwa karibu zaidi na ukweli kusema kwamba mashine hufunzwa. Istilahi iliyokwisha kuenea ni vigumu kuirudisha nyuma, lakini katika makala haya "kufunzwa" ndilo litakalotumika.

3.0 Hesabu ya Mwanga na Mshangao Wake

Msingi wa kihesabu wa uvuli ni wa zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1760 Johann Heinrich Lambert alieleza kwamba mwangaza wa uso unategemea kosaini ya pembe iliyopo kati ya mwale wa mwanga na mstari uliosimama wima juu ya uso huo. Mwaka 1878 Hermann Wiechel aliihusisha kanuni hiyo na sura ya nchi, na katika miaka ya 1960 Pinhas Yoëli akaonyesha namna kompyuta inavyoweza kuifanyia kazi. Kinachohitajika ni jedwali la vimo, yaani nchi iliyogawanywa katika miraba midogo, kila mraba ukiwa na namba moja inayotaja kimo chake. Kompyuta huutazama kila mraba pamoja na majirani zake, hupata mteremko na uelekeo, kisha huhesabu mwangaza.

Kwa kawaida mwanga huwekwa kaskazini-magharibi, nyuzi 45 juu ya upeo wa macho. Desturi hii haina uhusiano wowote na jua halisi. Nchini Uswisi jua la mchana huwa kusini siku zote za mwaka. Ila wasomaji wengi wanapomulikiwa mlima kutoka chini ya karatasi huuona umegeuka bonde, na bonde limegeuka mlima. Kwa hiyo taa huwekwa juu, upande wa kushoto. Inafurahisha kwamba Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini tangu siku za mwanzo za Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba. Desturi iliyobuniwa Ulaya kinyume cha jua la Ulaya inakaribiana zaidi na jua la pwani ya Afrika Mashariki.

Kanuni hii ya Lambert inapopelekwa mjini huleta mshangao. Uso ulio bapa kabisa hupata mwangaza wa 0.71 katika kipimo cha 0 hadi 1. Barabara ni bapa, na paa la zege ni bapa. Zote mbili zitapata 0.71, hata kama paa liko mita 50 juu ya barabara. Ingetarajiwa kwamba kuta zitatoa tofauti, lakini ukuta uliosimama wima na kuielekea taa hiyo moja kwa moja nao hupata 0.71, maana taa iliyo nyuzi 45 hulipiga paa na ukuta kwa pembe moja. Ukuta wa mita 20 ukiwekwa katika jedwali lenye miraba ya nusu mita huonekana kama mteremko wa zaidi ya nyuzi 88, na mwangaza wake ni 0.72. Jicho la mwanadamu haliwezi kuitambua tofauti hiyo. Kinachobaki ni zile kuta zilizoipa taa kisogo, nazo hutokea kama uzi mweusi wenye upana wa mraba mmoja au miwili. Mji wote hugeuka kuwa nyuzi zilizotapakaa juu ya kijivu kimoja, na ghorofa kumi hazitofautiani na kibanda.

Kishawishi kinachofuata ni kuviruhusu vivuli virudi. Kwa taa ya nyuzi 45, jengo la mita 20 huangusha kivuli cha mita 20, na kivuli hicho kweli humwambia msomaji urefu wa jengo. Lakini mitaa mingi ya miji mikongwe haifikii upana huo. Mtaa wenyewe, ambao ndio anaoutafuta mwenye ramani, unazama gizani.

4.0 Mkono wa Mchoraji

Wachoraji wa Uswisi walikwishajua kwamba kanuni tupu haitoshi. Ramani ya Dufour, iliyochapishwa kati ya 1845 na 1865 kwa skeli ya 1:100,000, ilikuwa tayari imewekewa mwanga wa pembeni. Aliyeifikisha kazi hii kwenye kilele chake ni Eduard Imhof (1895–1986), mwasisi wa taasisi ya ramani katika chuo kikuu cha ETH mjini Zürich mwaka 1925, ambaye mwaka 1965 alitoa kitabu kikubwa kuhusu uchoraji wa sura ya nchi. Mchoraji wa aina yake hakuwa na taa moja. Alipokuta mgongo wa mlima unaoelekea kaskazini-magharibi, ambao taa ya kawaida ingeumulika sawa pande zote mbili na kuufuta, aliizungusha taa kidogo mahali hapo tu. Aliacha vijibonde visivyo na maana. Vilele alivipa weusi na weupe uliokolea, na mabonde akayaacha yafifie kama yaliyofunikwa na ukungu, kwa hoja kwamba anayetazama kutoka angani hukiona kilele kwa ukaribu zaidi. Hoja hii ya ukungu ikumbukwe, kwani itageuka kuwa kikwazo.

Kazi hiyo ilichukua muda mwingi na ilihitaji watu wachache mno wenye ujuzi huo.

5.0 Kile Mashine Ilichofunzwa

Mwaka 2020 Bernhard Jenny wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, na wenzake, baadhi yao wa ETH, walitoa utafiti kuhusu kuiga uvuli wa mkono kwa mitandao ya neva. Walichukua ramani za Uswisi zilizotiwa uvuli kwa mkono, wakachukua na majedwali ya vimo vya maeneo yaleyale, wakaviweka kwa jozi. Mtandao hupewa jedwali na kutakiwa kutoa picha. Picha yake ya kwanza ni takataka. Hulinganishwa na ile ya mchoraji, kosa hupimwa mraba kwa mraba, na namba zilizomo ndani ya mtandao husogezwa kidogo kuelekea upande unaopunguza kosa. Zoezi hurudiwa mara nyingi sana, hadi picha ya mashine ikaribiane na ya mchoraji hata mahali ambapo mtandao haukuwahi kuonyeshwa jibu.

Mtandao waliotumia ni wa aina ya U-Net, uliobuniwa mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Freiburg kwa ajili ya picha za kitabibu. Jina lake linatokana na umbo la herufi U. Katika mkono unaoshuka, picha hufinywa hatua kwa hatua, hivi kwamba kila namba inawakilisha eneo pana zaidi. Hapo ndipo mtandao unapopata habari ya mlima mzima. Katika mkono unaopanda, picha hutanuliwa tena, na kila hatua huunganishwa na hatua ya upande wa pili ili habari za vitu vidogo zisipotee. Mpangilio huu unafanana na tabia ya mchoraji anayerudi nyuma kuitazama safu yote, kisha anainama tena na kalamu.

Matokeo yalikuwa mazuri. Mitandao iliizungusha taa palipohitajika, iliacha vitu visivyo vya lazima, na ilitofautisha maumbo makubwa kwa kubadili mwangaza, yote kwa sekunde chache. Wataalamu 18 wa fani hii walioulizwa waliona kwamba kazi ilikuwa ya ubora wa juu. Sasa ipo hata programu inayotumia njia hii, iitwayo Eduard kwa heshima ya Imhof.

Lakini ni lazima isemwe wazi ni kitu gani kilichofunzwa. Mtandao haukufunzwa milima. Ulifunzwa mkono wa watu walioichora milima, pamoja na mapendeleo yao yote. Aidha, katika ramani hizo za Uswisi uvuli ni wa ardhi tu. Majengo huonyeshwa kwa alama zilizochapwa juu yake. Hakuna jozi hata moja ambamo mchoraji aliutia mji uvuli, jengo kwa jengo. Mtandao ukipewa mji utajibu, kwa kuwa hauna namna ya kusema kwamba hili haulijui, na jibu lake litakuwa lile ambalo mchoraji wa Alps angelitoa kama mji ungekuwa mlima.

6.0 Mji wa Bern

Mji mkongwe wa Bern umekaa juu ya rasi ndefu iliyozungukwa pande tatu na Mto Aare. Mitaa yake mikuu iko mita 30 hadi 40 hivi juu ya mto. Majengo mengi ni ya mawe ya mchanga, yamebanana, na mnara wa kanisa kuu la Münster una mita 100 na ushei. Idara ya ramani ya Uswisi hutoa majedwali mawili ya vimo yenye miraba ya nusu mita: moja la ardhi tupu, jingine la kila kilicho juu ya ardhi, pamoja na majengo na miti. Tangu Machi 2021 yote hutolewa bila malipo.

Mtandao uliofunzwa milimani ukipewa jedwali la ardhi tupu, hauna shida kubwa. Rasi ni mgongo wa kilima na mto ni bonde, vitu unavyovijua. Lakini picha hiyo haina mji. Mnara haupo, mitaa haipo, na madaraja yameondolewa, kwa hiyo barabara inayotoka mji mkongwe kwenda Kirchenfeld inafika ukingoni na kutumbukia.

Ukipewa jedwali la pili, mambo hubadilika. Mtandao haujui mita. Unajua namba na tofauti kati ya namba. Mtaa uliobanwa na majengo ya ghorofa nne una sura ya korongo, na paa la mgongo lina sura ya kilele chembamba. Mnara wa Münster, ambao kwa urefu unaizidi mara mbili tofauti ya kimo kati ya rasi na mto, unakuwa mlima mkuu wa eneo zima. Kwa kuwa mtandao ulifunzwa kuunganisha vilele vidogo na kuacha mabonde madogo, kuna kila sababu ya kutarajia kwamba utaunganisha mapaa jirani kuwa kilima kimoja na kuuziba mtaa uliopo kati yake. Kwa mchoraji wa milima hilo ni busara. Kwa mwenye ramani ya mji ni kupotezewa njia.

Daraja ni kisa cha pekee. Jedwali la vimo linaweza kuwa na kimo kimoja tu kwa kila mraba. Daraja la Kirchenfeld, lililofunguliwa mwaka 1883, linaupita Aare kwa zaidi ya mita 30, na chini yake kuna hewa, mto na njia za miguu. Katika jedwali hewa hiyo haina nafasi. Daraja linakuwa ukuta uliojengwa kutoka chini, boma linalouzuia mto. Mtandao uliofunzwa kukoleza migongo ya milima utaukoleza na huu, na msomaji ataonyeshwa Aare iliyokatwa vipande na mabwawa yasiyokuwepo. Kasoro hii inatokana na vipimo, na mtandao hauna sehemu yoyote ya kuigundua. Vivyo hivyo baraza zenye matao zilizopakana na mitaa ya Bern kwa kilomita kadhaa, ambako watu hutembea bila kunyeshewa, hazimo katika picha yoyote iliyopimwa kutoka juu.

Kisa kilicho kizito zaidi ni cha Matte. Mtaa huu uko chini kabisa, kando ya mto, upande wa kusini wa rasi, nyuma ya mteremko unaoshuka kutoka Münster. Kwa taa ya kaskazini-magharibi mteremko huo, ambao kwa jua halisi ndio unaoota jua kuliko yote, huchorwa kwa weusi mkubwa. Juu ya hayo huja ile kanuni ya ukungu: vilivyo juu vikolezwe, vilivyo chini vififie. Milimani kanuni hiyo inakubalika, kwa kuwa msomaji anatafuta kilele. Mjini thamani zimegeuka juu chini. Watu hawako kwenye kilele cha mnara. Wako chini, mitaani, na mto ukifurika hufika kwanza kwao, kama ilivyotokea Matte mnamo Agosti 2005. Mashine inayoufuata mkono wa Imhof kwa uaminifu itaupa mnara wa kanisa mwanga na weusi wote, na kuiacha Matte kama doa la kijivu chini ya giza.

7.0 Mifano Itoke Wapi

Ikiwa mashine hufunzwa kwa mifano, basi mji unahitaji mifano yake. Njia moja inayopendekezwa ni kuitengeneza kwa kompyuta: maumbo ya majengo humulikwa kwa mwanga laini unaotoka pande zote za anga, picha zinazopatikana huwa ndiyo majibu, na mtandao hufunzwa kuziiga. Njia hii ni rahisi, na kwa mitaa ina faida halisi, kwa sababu mwanga wa anga huingia hata katika uchochoro na kuutia uvuli kadiri ya kina chake. Lakini haimpi mtu kitu asichokuwa nacho. Mtandao utakuwa umeiga programu nyingine, kwa haraka zaidi, na uamuzi kuhusu lipi liachwe na lipi likolezwe utakuwa haujafanywa na yeyote.

Njia ya pili ni kugawa kazi. Ardhi tupu hupewa mtandao uliofunzwa milimani, ambao unaimudu. Majengo hutiwa uvuli peke yake, kwa kimo chake juu ya ardhi na si juu ya bahari, ili jengo la Matte na la juu ya rasi yapimwe kwa kipimo kimoja. Madaraja huchorwa kwa mkono. Kisha tabaka hizo huunganishwa. Hii ndiyo njia yenye kutegemeka zaidi kwa sasa, japo kila muungano huacha mshono kwenye mteremko, pale ambapo nyumba imejengwa nusu ndani ya kilima.

Njia ya tatu ndiyo ngumu: wachoraji waitie miji uvuli kwa mkono, kwa eneo la kutosha, ili pawepo kitu cha kuigwa. Hapo ndipo suala linapozihusu nchi za Afrika Mashariki. Vipimo vimeanza kupatikana. Mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015 kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko, na tangu 2016 visiwa vya Zanzibar vimepigwa picha kwa droni, picha ambazo vimo vya mapaa huweza kupatikana kutokana nazo. Lakini mifano ya uvuli wa mkono kwa miji ya aina hii ni haba mno, na mtandao wa Alps hauwezi kuziba pengo hilo. Katika bonde la Msimbazi tofauti ya kimo iliyo muhimu ni ya mita chache tu. Nyumba za chini zenye mapaa ya bati, zilizokaribiana hadi mabati kugusana, zina kimo kisichopungua tofauti hiyo. Katika jedwali la vimo mapaa hayo yanakuwa ardhi mpya, na ukingo halisi wa bonde unapotea chini yake. Mtandao utauona uwanda wenye mikwaruzo na kuusawazisha, kama ulivyofunzwa.

Mchoraji atakayekabidhiwa karatasi ya kwanza ya Jangwani ili iwe mfano atakuwa na uamuzi wa kufanya kabla ya kugusa kalamu. Akiufuata ukingo wa mapaa, mashine itajua kwamba mji ni bati. Akiufuata ukingo wa ardhi, itabidi kwanza apatikane mtu wa kuupima kwa miguu, kati ya nyumba na nyumba.